Nyuma ya Picha: Kuendesha Galeri ya Sanaa ya Haiti Nyumbani

Picha ya Haiti ikiingia mlangoni, igeuze kwanza. Mbele utakuona siku zote itakapokuwa ukutani. Habari ziko nyuma. Huko utajua kama imechorwa kwenye hadibodi au kanvasi, kama kanvasi ni ya dukani au ni kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi nyeupe kwa mkono, kama ina muhuri au namba ya orodha ya Centre d'Art, kituo cha sanaa cha Port-au-Prince, kama fremu imewahi kubadilishwa. Kazi nyingi zilizoko Marekani zilifika kwenye mizigo ya watalii, wamisionari na wafanyakazi wa mashirika, zikakaa sebuleni miaka arobaini, na wenyewe walipofariki warithi wakaziita tu "picha ya Haiti". Aliyeichora alikuwa na jina na mji, na mara nyingi hata karakana yake inajulikana. Wanunuzi wanapatikana. Kinachopotea ni majina, na galeri ndogo ya nyumbani ina muda wa kuyatafuta kuliko duka kubwa.

Kwa hiyo jifunze tarehe, kwa sababu tarehe zinakuokoa na hasara. Centre d'Art ilifunguliwa Port-au-Prince tarehe 14 Mei 1944, ikiongozwa na DeWitt Peters, mchoraji Mmarekani aliyekuwa akifundisha Kiingereza huko. Uchoraji haukuanza siku hiyo. Philomé Obin alikuwa ameshachora kwa miaka mingi kule Cap-Haïtien. Hector Hyppolite, aliyekuwa pia kuhani wa dini ya Vodou na aliyejulikana kwa kutumia manyoya ya kuku badala ya brashi, aligunduliwa kwa sababu ya mlango wa baa aliouchora huko Montrouis. Alifariki 1948. Sasa mtu akikuletea Hyppolite iliyochorwa kwa akriliki ya maji, hata kabla hujaangalia saini unajua jibu, kwa kuwa rangi hiyo iliingia madukani katikati ya miaka ya 1950. Pini za stepla nyuma hazithibitishi kitu, maana picha ya zamani inaweza kuwambwa upya. Rangi yenyewe na ubao wenyewe ndio mashahidi.

Majina ya ukoo yanachanganya zaidi kuliko saini bandia. Ukiona "Obin", usikimbilie bei. Philomé alikuwa na ndugu yake Sénèque, na nyuma yao wakafuata watoto na jamaa waliochora kwa mtindo uleule wa mitaa iliyonyooka, nyumba zenye mistari safi na matukio ya historia. Kwenye sanamu za chuma kuna ndugu watatu Louisjuste: Janvier, Joseph na Sérésier. Piga picha saini kwa karibu, kisha ilinganishe na kazi ambazo historia yake inajulikana, herufi kwa herufi. Ikibaki shaka, andika "inadhaniwa ni ya" na uza kwa bei ya shaka. Kuna pia picha zinazouzwa kwenye fukwe za Jamhuri ya Dominika, zimechorwa kwa kunakili mitindo ya Haiti, dazeni kwa dazeni. Nyingine zinapendeza kweli, lakini usiziandikie jina zisilokuwa nalo.

Hadibodi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya picha za miaka ya 1940 hadi 1970, kwa kuwa kanvasi ilikuwa adimu na ghali. Wanaoijua Tingatinga ya Dar es Salaam wataitambua mara moja: ubao uleule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Udhaifu wake uko kwenye kingo. Hunywa unyevu, huvimba, kisha pembe hupasuka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Usiigundishe kwenye kitu chochote. Ipe fremu yenye nafasi ya milimita 3 kila upande, ishikwe kwa vibano vya nyuma vyenye vipande vya kitambaa cha sufu, na ipate kupumua. Ukikuta vumbi laini la unga chini ya picha, hao ni dumuzi kwenye fremu: ifunge fremu kwenye mfuko wa plastiki, itenge chumba kingine, na chunguza zilizokuwa jirani nayo siku hiyohiyo.

Kanvasi huja na balaa lake, nalo ni ukingo. Wachoraji wengi hupigilia kitambaa ubaoni na kuchora mpaka mwisho kabisa, na saini hukaa chini, sentimita moja au mbili kutoka ukingoni. Fundi wa fremu asiyejua huiwamba kawaida, mbao za sentimita 2 zinakula pande zote nne, na jina la mchoraji linazunguka kona na kupigwa pini mgongoni. Kabla ya kuwamba, pima kwa futikamba kutoka saini hadi ukingo. Kama haifiki sentimita 5, mwombe mhifadhi aongeze pindo za kitambaa nyuma ya kingo kwa gundi ya BEVA, ambayo hushika kwa joto la nyuzi 65 hivi na inaweza kutolewa baadaye bila kuumiza picha. Gundi nyeupe ya mbao isisogee karibu. Ikikauka imekauka, na kitambaa hujikunja nayo. Pindo zikiwepo, anza kuwamba katikati ya kila upande, vuta upande wa pili, kisha nenda pembeni kwa kubadilishana, pini moja kulia na moja kushoto. Ukianza na kona, utapata mikunjo ya mshazari ambayo haitoki.

Kanvasi husafiri ikiwa imeviringishwa kwenye mrija, na hapa ndipo majira ya baridi yanapoharibu kazi za watu. Akriliki ikishuka chini ya nyuzi 10 huanza kukakamaa, na karibu na sifuri hupasuka ukiikunjua. Mrija ulioletwa Januari na gari la posta ulikaa usiku kucha kwenye baridi. Uingize ndani, usiufungue, uuache kwenye chumba cha nyuzi 20 kwa saa 24. Hata hamu ikikushika, subiri. Ukiufungua mapema, unapata nyufa ndogo sambamba upande mzima wa mkunjo, na mvuke wa chumba unatua juu ya rangi baridi. Unapotuma wewe, iviringishe rangi ikitazama nje, kwenye mrija wa kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, na karatasi ya silikoni katikati, ile inayofanana na karatasi ya kuokea mikate. Plastiki ya mapovu isiguse rangi kamwe. Akriliki hubaki laini kidogo maisha yake yote, na mapovu huacha duara juu ya anga la mtu, yakapangika kama chawa.

Chuma kinahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa wageni huuliza kuliko kitu kingine chochote. Kinatoka Croix-des-Bouquets, hasa kijiji cha Noailles, na baba wa kazi hiyo ni Georges Liautaud, mhunzi aliyezaliwa 1899, ambaye misalaba yake ya makaburini ndiyo iliyowavuta watu wa Centre d'Art. Malighafi ni pipa la mafuta la galoni 55, yaani kama lita 208. Fundi hukata vifuniko viwili, hupasua ubavu kutoka juu hadi chini, hujaza majani makavu na kuyachoma ili rangi na mabaki ya mafuta yaungue, kisha hulitandaza kwa miguu na nyundo. Hupata bati la takriban sentimita 180 kwa 88. Huchora kwa chaki, halafu hukata kwa tindo na nyundo, hufinyanga mashavu na matiti na magamba ya samaki kwa kugonga kutoka nyuma, na mwisho hupaka vanishi. Pitisha kidole kwenye ukingo: chuma cha tindo kina meno madogomadogo yasiyolingana, na kwa nyuma kingo zimejikunja kidogo. Angalia pia mstari mrefu ulioinuka kidogo katikati ya bati. Huo ni ubavu wa pipa uliokataa kulala. Kazi iliyokatwa na mashine ina ukingo laini kama kisu, bati tambarare bila alama ya nyundo, na mara nyingi haina saini. Serge Jolimeau, Gabriel Bien-Aimé na wenzao hutia saini kwa tindo, na saini hiyo unaisoma hata gizani kwa kidole.

Duara la sentimita 60 halifiki kilo 3, kwa hiyo skrubu moja nzuri yenye plagi ya ukutani inatosha. Weka vipande vya mpira au mbao vya sentimita 1 nyuma yake ili lisiguse ukuta. Kivuli kitaanguka nyuma na nguva aliyekatwa humo atapata mwili wa pili, na ukuta hautakuwa na madoa ya kutu. Usiliguse kwa kitambaa chenye maji. Kutu ikianza, isugue kwa pamba ya chuma laini kabisa, pasha moto chuma kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha nta nyembamba, acha dakika 20, futa. Mnunuzi akisema ataliweka bustanini, mwambie kabla hajalipa kwamba vanishi hiyo ni ya ndani, na litahitaji kupakwa upya kila mwaka.

Bendera za Vodou, drapo, ni kitambaa kilichojazwa maelfu ya puleki na shanga, kila moja imeshonwa kwa mkono. Zilianza kama vitu vya ibada, na nyingi zilizoko sokoni zimetengenezwa kama sanaa. Uzito ndio adui yake. Ukiining'iniza kwa ncha mbili za juu, ndani ya mwaka mmoja kitambaa kinajivuta katikati na puleki zinaanza kumwagika. Ishone, usiigundishe, juu ya ubao uliofunikwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, mshono kila sentimita 3 kuzunguka pindo zote. Usiikunje, iviringishe puleki zikitazama nje. Usiifue wala kuifuta kwa maji, kwa sababu puleki za zamani zilitengenezwa kwa jelatini na huyeyuka, na za plastiki hujipinda kwa joto la pasi. Vumbi litoe kwa brashi laini, ukilisukuma kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza uliofunikwa wavu, nguvu ikiwa chini kabisa. Myrlande Constant, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo za harusi, alileta ufundi wa kushonea shanga kwa sindano ya kulabu kutoka nyuma ya kitambaa kilichowambwa. Ndiyo maana kazi zake zina picha nzima za watu na matukio, mahali ambapo bendera za awali zilikuwa na alama moja katikati. Igeuze nyuma na utauona mshono wa mnyororo.

Mwanga: lux 200 zinatosha kwa picha za mafuta na akriliki, na 50 kwa bendera na chochote cha karatasi. Programu ya simu inakadiria vya kutosha. Tumia taa za LED za kelvini 3000 zilizoandikwa CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) 90 au zaidi, la sivyo nyekundu za Haiti zinageuka kahawia na mteja anarudisha picha akidai si ile aliyoiona. Unyevu hewani uwe kati ya asilimia 45 na 55, na usiopanda na kushuka; kubadilika kwa ghafla kunaumiza kuliko kiwango chenyewe. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kulabu mbili kwa kila picha ili isipinde, na pimamaji mkononi. Ghala lisiwe chini ya ardhi wala darini. Kabati la chumba cha ndani linatosha, picha zikisimama wima kama vitabu, kadibodi isiyo na asidi katikati, na rafu ya chini ikiwa juu ya sakafu kwa sentimita 10, kwa sababu mashine ya kufulia hupasuka bomba siku ambayo hakuna mtu.

Jiko ndilo linalosahauliwa. Nyumba nyingi za Marekani zina jiko lililo wazi kwa sebule. Ukikaanga, mafuta husafiri na mvuke na kutua kwenye rangi isiyo na vanishi, vumbi linanata juu yake, na baada ya miaka miwili bluu imekuwa kijivu. Ukuta wa upande huo upewe chuma, ambacho kinafutika.

Uzuri wa galeri ya nyumbani ni kwamba mgeni anaiona picha juu ya kochi, karibu na taa ya mezani, mahali ambapo na yeye ataiweka. Usiipoteze faida hiyo kwa kujaza kuta. Kazi 25 zinazoonekana vizuri huuza kuliko 80 zilizobanana. Chagua mikondo miwili au mitatu unayoweza kuieleza kwa kina: historia za Cap-Haïtien, kwa mfano, pamoja na miji ya ndotoni ya Préfète Duffaut wa Jacmel, barabara zake zikipanda milima iliyoning'inia, au viumbe vya Saint-Soleil, kundi lililoanzishwa na Tiga na Maud Robart huko Soissons-la-Montagne miaka ya 1970. Anayekusanya vyote huishia kujua kidogo juu ya kila kimoja.

Upande wa karatasi hauna raha lakini ndiko galeri nyingi zinakoangukia. Bima ya nyumba kwa kawaida hailipi mali ya biashara, na hailipi kabisa picha ya mtu mwingine iliyoachwa kwako. Nunua bima ya kazi za sanaa inayotaja wazi mali ya wengine na mali iliyo njiani. Omba kibali cha biashara ya nyumbani mjini kwako na usome masharti: bango, idadi ya wageni, maegesho. Pokea watu kwa miadi, wasiozidi wanne au watano, na wawepo watu wawili wa nyumbani. Anwani isitangazwe, impate aliyethibitisha miadi.

Kazi nyingi zitaingia kwa mali kauli. Mgawanyo wa kawaida ni nusu kwa nusu, au 60 kwa mwenye kazi na 40 kwa galeri. Mkataba useme bei ya chini, muda (miezi 6 ni mizuri), nani analipa fremu na usafiri, nani anabeba hasara, na kwamba malipo yatatoka ndani ya siku 30. Sheria ya jimbo la New York inaihesabu kazi iliyoachwa na msanii, pamoja na fedha zake ikishauzwa, kuwa amana. Neno hilo tunalielewa vizuri sana kwa Kiswahili. Ziweke fedha hizo kwenye akaunti ya pembeni, hata kama jimbo lako halina sheria hiyo. Deni la msanii aliyeko Haiti ni deni la mtu asiyeweza kuja kukugongea mlango, na kwa sababu hiyo hasa lilipwe la kwanza. MonCash inafanya kazi kama M-Pesa inavyofanya kwetu. Ada ya kutuma ibebe wewe.

Kwenye forodha, picha za asili za mkono zina kifungu cha 9701 na sanamu za asili cha 9703, ambavyo havina ushuru wa kawaida wa Marekani. Ankara iandike jina la msanii, jina la kazi, vipimo, vifaa, mwaka, na kwamba ni kazi ya asili ya mkono. Mijusi ya chuma 60 inayofanana si sanamu za asili; itaje kama ilivyo.

Mizigo yenyewe imekuwa migumu kufika. Mashirika ya ndege ya Marekani yalisimamisha safari za Port-au-Prince Novemba 2024 baada ya ndege kupigwa risasi, na magenge yamewafanya mafundi wengi wa Noailles wayakimbie makarakana yao. Ndiyo maana kazi nyingi sasa hutoka kwa warithi na kwenye minada. Hapo kuna tahadhari moja isiyoepukika. Tetemeko la 12 Januari 2010 liliangusha Centre d'Art, majumba ya makumbusho, na Kanisa Kuu la Sainte-Trinité ambalo kati ya michoro yake 14 ya ukutani ilinusurika 3 tu. Ukiona namba ya orodha au lebo ya taasisi nyuma ya picha, usiharakishe. Picha inaweza kuwa iliuzwa kihalali zamani, kwa kuwa Centre d'Art iliuza pia, na inaweza kuwa ilitoka kwenye kifusi. Waandikie taasisi, tuma picha ya mbele na nyuma, na usilipe hadi wajibu.

Wageni wataogopa baadhi ya vitu, hasa Baron Samedi, roho wa makaburini, na msalaba wake, na nyoka wa Danbala. Usicheke nao na usiwaambie ni mapambo. Eleza kwamba lwa ni roho ambazo watu wanaziheshimu, kwamba Ezili Dantò ana makovu shavuni na sura yake wanaiona kwa Bikira Maria mweusi wa Częstochowa huko Poland, kwamba vèvè, alama za lwa, huchorwa chini kwa unga kabla ya ibada. Msemaji wa Kiswahili ana njia ya mkato hapa. Wahaiti huita dawa ya nguvu *wanga*, na mzizi wake wa Kibantu ndio uleule wa mganga na uganga. Watu waliotoka Kongo waliuvusha bahari.

Kila kazi ipate namba siku inapoingia, mfano HT-2025-017, na picha nne: mbele, nyuma, saini, na ukingo. Lebo andika kwa kalamu ya risasi kwenye kadi isiyo na asidi, jina la msanii likiwa mstari wa kwanza, kisha mwaka wa kuzaliwa, mji, jina la kazi, vifaa, urefu kabla ya upana, na ilipitia mikononi mwa nani. Usiibandike kwenye kitambaa cha picha. Ifunge kwenye fremu kwa uzi wa pamba. Chuma hakina fremu, kwa hiyo kadi hufungwa kwenye tundu lililo karibu na ukingo wa juu, kwa nyuma, ikiwa na mstari mmoja zaidi unaomwonyesha mnunuzi pa kutafuta kwa kidole: saini, chini kulia, penye mkia wa nguva.